Kuonyesha Njia Si Kuiba

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hudhani kwamba hakimiliki ni ukuta mtupu. Lakini katika kusoma habari za sheria za Ulaya nimeona kwamba ukuta huo una milango, na ugomvi wenyewe ni juu ya upana wa milango hiyo.

Tuanze na swali. Mtu akikuambia kitabu fulani kiko rafu ya tatu, je, amekinakili? La, amekuonyesha njia tu. Katika intaneti njia hiyo huitwa kiungo. Waandishi wa gazeti moja la Sweden waliishtaki kampuni iliyoweka viungo vya kufikia makala zao. Tarehe 13 Februari, 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuelekeza watu kwenye makala ambayo mwenyewe ameiacha wazi kwa wote hakuhitaji ruhusa yake.

Wenye magazeti hawakuridhika, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Walisema kampuni kubwa za intaneti huonyesha vipande vya habari zao na kufaidika, hali wao ndio wanaowalipa waandishi. Hispania ilipotunga sheria ya kulazimisha malipo, Google iliifunga huko huduma yake ya habari Desemba 2014, isirudi mpaka 2022.

Tarehe 26 Machi, 2019, Bunge la Ulaya lilipitisha sheria mpya kwa kura 348 dhidi ya 274. Kifungu cha 15 kimewapa wenye magazeti haki ya miaka miwili juu ya matumizi ya makala zao katika intaneti, ila hakigusi viungo, wala maneno mojamoja, wala vipande vifupi sana. Vifupi kiasi gani? Sheria haikupima.

Kifungu cha 5 chatuhusu sisi wa shuleni. Chaitaka kila nchi ya Umoja iruhusu kazi za watu zitumiwe kufundishia kwa njia ya kidijitali, chini ya usimamizi wa shule. Sheria ya mwaka 2001 iliiachia kila nchi hiari, hata lililo halali huku likawa kosa ng'ambo ya mpaka. Hata sasa, penye leseni zifaazo nchi yaweza kuzitanguliza.

Maoni yangu ni haya: mwandishi apate ujira wake, lakini aonyeshaye kilipo kitabu asitozwe, wala mwalimu asifundishe kwa hofu.