MBWA KIJANA MALISHONI: JINSI YA KULEA HAMU YAKE YA KAZI



Umempeleka mbwa wako wa miezi mitano machungani kwa mara ya kwanza. Saa 1 asubuhi anatangulia kundi, mkia juu, ananusa kila kichaka. Saa 5 amelala chini ya mkorosho. Unamwita, haji. Unampiga, anakimbilia nyumbani. Kesho yake ukishika fimbo tu, anajificha nyuma ya zizi. Majirani wanasema, "Mbwa huyo mvivu, hafai."

Mara nyingi mbwa wa namna hiyo si mvivu. Amechoshwa, ametishwa, au anaumwa. Hamu ya kazi hujengwa kidogo kidogo, lakini inaweza kuvunjwa kwa siku moja.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mifugo mingi hulishwa kwenye mapori ya miombo, mbali na boma. Fisi na chui wapo. Mara nyingi anayechunga ni kijana mmoja, na mbuzi ni wengi. Mbwa husikia na kunusa kabla mtu hajaona. Akikata tamaa, kijana wako anabaki peke yake saa ile anapomhitaji zaidi.

Mbwa wetu wengi wana damu ya kuwinda, na damu hiyo ndiyo inayomfanya mbwa awe macho. Ila asipofundishwa, atafuata sungura au funo na kuliacha kundi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali. Lengo letu ni mbwa anayelinda kundi na kurudi anapoitwa.

HATUA ZA KUMFUNDISHA

1. Miezi 2 hadi 4: azoee mifugo. Mlaze karibu na zizi. Mwache akae na mbuzi watulivu ukiwepo. Mbuzi jike mwenye mtoto mchanga asikaribiwe; akimpiga pembe mbwa mdogo, woga huo hukaa muda mrefu. Mpe jina fupi na mwite kwa jina hilo kila unapomlisha.

2. Miezi 4 hadi 6: matembezi mafupi. Nenda naye asubuhi na mapema kwa nusu saa hivi, kisha mrudishe nyumbani. Mrudishe angali anataka kuendelea, usisubiri achoke. Mbwa anayekatizwa akiwa na hamu, kesho atakusubiri mlangoni.

3. Miezi 6 hadi 10: nusu siku. Aende pamoja na mbwa mkubwa mtulivu, kama unaye. Mbwa mdogo hujifunza mengi kwa kumwangalia mwenzake. Mchague mwalimu vizuri: mbwa anayekimbiza ndama atamfundisha kukimbiza ndama.

4. Kuanzia mwaka mmoja: siku nzima. Sasa mifupa imekomaa, anaweza kutembea na kundi kutwa.

ZAWADI, SI FIMBO

Weka vipande vidogo vya ugali mkavu au dagaa mfukoni. Akija ulipomwita, mpe kimoja papo hapo na umsifu. Akibaki na kundi, msifu. Akibweka kwa sababu ya kitu kigeni, nenda uangalie, hata kama ni nyani tu. Mbwa ambaye kubweka kwake hakusikilizwi huacha kubweka.

Akifukuza mnyama pori, usimkimbilie wala kupiga kelele; ataona ni mchezo. Geuka, tembea upande wa pili, mwite. Akirudi, hata kama amechelewa, usimpige. Ukimpiga baada ya kurudi, umemfundisha asirudi. Mkionekana karibu na mashamba ya watu, mfunge kamba mapema kabla ya kuleta ugomvi na wakulima.

Wapo wanaompa mbwa pilipili au bangi, au kumshindisha njaa, ili awe mkali. Havimsaidii. Humfanya asitabirike, na watakaoumwa ni watoto wako.

JUA, MAJI NA CHAKULA

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili hasa kwa kuhema. Miezi ya Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua, joto ni kali. Mbwa kijana arudi kabla ya saa 4. Beba maji na kibakuli. Akihema sana na kuyumba, mpeleke kivulini, mwagie maji ya kawaida mwilini na umnyweshe kidogo kidogo.

Mlishe jioni baada ya kazi: ugali na dagaa, mchuzi, maziwa mtindi au mabaki ya nyama iliyopikwa. Usimpe kichwa kibichi cha mbuzi au kondoo, wala maini na mapafu mabichi. Humo mna viluwiluwi vya tegu. Mbwa huvimeza, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mifugo huyala kwenye majani. Kondoo au mbuzi anayezunguka sehemu moja huku kichwa kimeinama huenda amepata ugonjwa kwa njia hii. Tegu wa namna nyingine huleta uvimbe wa maji kwenye maini au mapafu ya watu. Pika, au fukia.

Msimu wa kupulizia mikorosho, usimwache mbwa anywe maji ya madimbwi au vyombo vya shambani. Dawa hizo ni sumu.

MBWA ALIYEKUWA NA HAMU AKIPOA GHAFLA

Kabla ya kumlaumu, mkague:

• Miguu: miiba kati ya vidole, kucha iliyovunjika, nyayo zilizochubuka.
• Masikio na kwapa: kupe.
• Fizi: zikiwa nyeupe, damu imepungua.
• Macho: yakianza kuwa na ukungu, na mbwa amekonda na ana homa, huenda ni nagana. Mbung'o wapo katika mapori yetu, na nagana humuua mbwa haraka.

Usimchome mbwa dawa ya nagana ya ng'ombe kwa kukisia. Kipimo kikizidi, inaweza kumuua. Mwone afisa mifugo wa kata.

TAHADHARI: si kila mbwa mwenye kichaa ni mkali. Wengine hunyamaza, hujificha, hudondosha mate na kushindwa kumeza. Ukiona dalili hizo, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mtenge bila kumshika na toa taarifa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba.

Mbwa achanjwe anapofikisha miezi 3, na kila mwaka baada ya hapo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba. Ulizia afisa mifugo wako kama kuna chanjo wakati huo.

KUMBUKA

• Mrudishe nyumbani angali ana hamu.
• Akirudi anapoitwa, mpe zawadi.
• Usimpe viungo vibichi vya mifugo.
• Akipoa, mkague kabla ya kumpiga.
• Mchanje kila mwaka.

Wasomee kipeperushi hiki vijana wanaochunga. Wao ndio wanaoshinda na mbwa huyo porini.