Mas-ala ya Kidonda cha Mguu kwa Mwenye Maradhi ya Sukari

Mas-ala haya yawahusu watu wa pwani, na yawahusu vilevile ndugu zao walioko Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara, ambako mvuvi hushinda miguu yake imo majini ziwani, na mkulima huenda shamba kwa katambuga au kwa miguu mitupu.

Wengi wayajua maradhi ya sukari kwa kiu na wingi wa mkojo. Wachache wajua kwamba yaangamiza mguu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya hisi, mguu ukafa ganzi. Na huidhiki mishipa ya damu, nyama ikakosa riziki yake. Mtu hukanyaga mwiba asubuhi, akautembelea hatta magharibi, asijue. Madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwamo Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa walioumwa miguu na panya usiku, nao wamelala wasihisi. Wala hili si la kuchekwa.

Basi asemaye, "Kidonda hiki hakiniumi, kwa hiyo si kitu," amegeuza hukumu juu chini. Kutouma ndiyo khatari yenyewe. Mguu ukivimba, ukawa wa moto, ukatoa usaha au harufu, au kidole kikawa cheusi, mtu asingoje siku ya soko. Aliye Bunda au Butiama na aende hospitali iliyo karibu naye siku ile ile, na akihitaji zaidi apelekwe Kwangwa, Musoma, katika Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Majivu, samadi, na maji ya moto ya chumvi havikitibu kidonda hiki. Huzidisha uchafu na huunguza nyama isiyohisi.

Ama udhu, kuosha miguu pamoja na vifundo viwili ni fardhi. Lakini tabibu mwaminifu akisema maji yatadhuru, mwenye kidonda huosha palipo pazima, na ikifika zamu ya mguu hutayamamu kwa ajili ya pasipooshwa. Kikiwa kimefungwa bandeji, hupaka maji juu ya bandeji yote pamoja na tayamamu hiyo. Akiwa aliifunga hali ana twahara, wala haikuzidi kadiri ya haja, hana sala ya kulipa. Na kwa kila fardhi hutayamamu upya, hatta kama udhu wake haukutenguka. Wako wadhanio kuwa vumbi la tayamamu hutiwa kidondani. Sivyo kabisa! Tayamamu ni uso na mikono tu.

Asiye na kidonda naye ana yake ya kuangalia. Maji ya moto ayajaribu kwa kiko cha mkono, asiyajaribu kwa mguu. Na maji ya moto mno yamekirihishwa kwa mtu yeyote. Akiisha kupitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya miguu, apafute pakauke, kwani unyevu huko huleta ukungu na mipasuko. Kuacha kujifuta baada ya udhu ni bora kwa asiye na haja. Huyu ana haja. Kila jioni atazame nyayo zake, au atazamiwe na mkewe ikiwa macho yamepungua. Na atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Sugu asizikate kwa wembe.

Jambo lisahauliwalo na wengi ni uzito wa mwili. Kidonda cha unyayo hakiponi hali chakanyagwa, hatta kikitiwa dawa gani. Tabibu akimkataza kukikanyaga, atumie magongo, na akishindwa kusimama bila madhara asali ameketi. Vidole vikiwa na kidonda, asivikaze chini katika sijida wala asivikunje katika kikao cha tahiyatu.

Na ikifika tabibu kusema mguu ukatwe, kwa kuwa kuuacha ni khatari kubwa kuliko kuukata, yajuzu kukata. Wako waliokataa kwa haya, sumu ikapanda mwilini wakafa. Aliyekatwa chini ya kifundo huosha kilichobaki cha mahali pa fardhi. Aliyekatwa juu ya kifundo fardhi ya mguu ule imeondoka, na ni sunna kuosha kilichosalia cha muundi. Kiungo kilichokatwa huzikwa.