SOMO: KUCHANGANYA ZEGE

Laela iko kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Ukitembea hapo utaona zege mahali pengi: katika makalavati yapitishayo maji chini ya barabara, katika misingi ya nyumba, na katika linta zilizo juu ya milango ya madarasa. Linta hubeba uzito wa ukuta ulio juu yake. Ikivunjika, ukuta waweza kuwaangukia watu.

Zege hutengenezwa kwa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mafundi wawili waweza kutumia vipimo vile vile, na bado zege la mmoja likawa imara na la mwenzake dhaifu. Kwa nini? Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako.

Vifaa
Saruji, mchanga safi, kokoto ndogo, maji, kopo la robo lita, beleshi, ndoo, kamba, magunia, na viunzi 6 vya mbao vyenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 5 na kina cha sentimeta 4. Saruji huunguza ngozi; usiishike kwa mikono mitupu.

Hatua
1. Pima makopo 4 ya saruji, 8 ya mchanga, 16 ya kokoto na 3 ya maji. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto, geuza mara tatu, kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukigeuza. Jaza viunzi 3 na uviandike A.
2. Pima tena vile vile. Safari hii mwaga vyote pamoja na maji, geuza mara mbili tu, ujaze viunzi 3 vya B.
3. Shindilia vyote kwa namna moja. Vifunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7.
4. Egemeza kila kipande juu ya matofali mawili. Ning'iniza ndoo katikati, utie mawe mpaka kipande kivunjike. Weka miguu mbali. Pima uzito wa mawe.

Maelezo
Vipande vya A hukaribiana kwa nguvu. Vya B hutofautiana: kimoja chaweza kuwa kigumu, kingine kikavunjika upesi, kwa kuwa saruji haikuzifikia kokoto zote. Ni kama ugali wa ulezi wenye madonge: nje umeiva, ndani ni unga. Linta haiokolewi na sehemu yake iliyo imara. Huvunjika pale palipo dhaifu.

Mashine huzungusha pipa lake kwa mwendo ule ule, nayo haichoki kama mtu. Hivyo mchanganyiko wake huwa sawa zaidi. Lakini mashine hairekebishi vipimo vibaya. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huhitaji maji yapatayo lita 25. Maji yakizidi, kazi huwa nyepesi, lakini yakikauka huacha vitundu ndani ya zege.

Maswali
1. Kwa nini tulitengeneza vipande 3, si kimoja, kwa kila njia?
2. Mchanga ulionyeshewa mvua. Je, utapunguza maji au utaongeza? Eleza.
3. Kwa nini zege lifunikwe wakati wa upepo wa kiangazi?