Vitu Visivyotambulika Angani: Shahidi Aliona Nini, na Alihukumu Nini?



Muhula huu, katika somo la falsafa ya ujuzi, tumekuwa tukijadili swali la kale: ni lini mtu anaweza kusema kweli kwamba anajua? Tumeamua kulitoa swali hilo darasani na kulipeleka mahali ambapo wengi hawategemei kuwakuta mafrateri, yaani kwenye habari za "visahani virukavyo", vile vitu visivyotambulika angani ambavyo dunia nzima huviita kwa herufi tatu, UFO. Sababu ni kwamba waamini wanatuuliza. Video fupi inapita katika kundi la WhatsApp la jumuiya, taa zinaonekana zikifuatana angani kwa mstari, na kabla ya jioni majibu matatu yameshapatikana: ni viumbe wa sayari nyingine, ni mapepo, ni dalili ya mwisho wa dunia. Wa nne anaandika, "Waulizeni mafrateri."

Tuanze na jina lenyewe. "Kisichotambulika" si aina ya kitu, kama vile kimondo ni aina ya kitu na ndege ni aina nyingine. Ni neno linaloeleza hali ya mtazamaji. Ukimwona mtu kwa mbali gizani usimtambue, yeye hajageuka kuwa mtu wa ajabu. Ni wewe uliyepungukiwa na mwanga. Hata hivyo, kila siku tunasikia watu wakisema "ile ilikuwa UFO" kana kwamba wameshatambua kitu, wakati walichosema ni kwamba hawajatambua.

Jambo hili lilianza kupotoka mapema. Tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold alikuwa akiruka karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington, Marekani, akaona vitu tisa viking'aa vikienda kasi mno. Alipowasimulia waandishi wa habari, alifananisha mwendo wake na kisahani kinachorushwa juu ya maji kikadundadunda. Miaka michache baadaye alieleza kwamba mfano ule ulihusu namna vilivyokwenda. Magazeti yalikuwa yameshaufanya kuwa umbo, na tangu hapo watu wengi sana wakaripoti kuona visahani. Mwanafunzi wa falsafa hana budi kusimama hapo kidogo: neno la gazeti liliingia machoni mwa watu.

Serikali ya Marekani ilichunguza. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1969 Jeshi la Anga liliendesha mradi ulioitwa Blue Book, likakusanya taarifa 12,618. Nyingi zilielezeka: nyota na sayari, ndege, puto za hali ya hewa, vimondo. Zikabaki 701 zisizoelezeka, yaani chini ya 6 katika kila 100. Mshauri wa mradi alikuwa mwanafalaki J. Allen Hynek, ambaye aliingia akiwa na mashaka makubwa. Mwaka 1966, watu wa Michigan walipoona taa za ajabu, yeye alitaja uwezekano wa gesi ya kwenye vinamasi, naye akachekwa nchi nzima. Baadaye aligeuka kuwa mkosoaji wa mradi, akidai kwamba mashahidi wenye akili timamu walipuuzwa na kwamba maelezo mengine yalibandikwa tu ili faili lifungwe. Hakudai kuwa amethibitisha wageni kutoka sayari nyingine. Alidai uchunguzi ufanywe kwa uaminifu, na hapo tunamuunga mkono.

Wafaransa, kwa maoni yetu, walilipanga jambo hili vizuri zaidi. Tangu 1977 shirika lao la anga za juu, CNES, lina ofisi ndogo mjini Toulouse inayopokea taarifa hizi, nayo tangu 2007 imeziweka faili zake wazi kwa umma. Huzipanga katika madaraja manne. A ni kilichotambuliwa kwa hakika. B ni kilichotambuliwa kwa uwezekano mkubwa. C ni taarifa isiyo na maelezo ya kutosha kuchunguzwa. D ni kile ambacho maelezo yake yanatosha, kimechunguzwa, na bado hakijatambuliwa.

Tofauti ya C na D inastahili kutafakariwa polepole. Katika mazungumzo ya kawaida yote mawili huitwa "fumbo". Lakini C ni fumbo la karatasi: hatukuandika saa, hatukuandika upande wa mbingu, picha ina ukungu. Ni D peke yake inayoweza kuitwa fumbo la kitu. Mwenye kuchanganya hayo mawili huugeuza uvivu wa mchunguzi kuwa muujiza. Taarifa ya idara za ujasusi za Marekani ya Juni 2021, iliyovuma sana, ilihesabu matukio 144, na moja tu ndilo lililotambuliwa kwa uhakika mkubwa: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Vichwa vya habari vikapiga kelele kuhusu yale 143. Ukiisoma taarifa yenyewe, inalalamika kwamba data ni chache mno. Kwa lugha ya Toulouse, mengi yananukia C.

Miaka miwili baadaye jopo la watu 16 lililoteuliwa na NASA lilitoa ripoti yake. Kati ya video walizoangalia kuna moja iliyopigwa na ndege ya kivita, ambamo kitu kidogo kinaonekana kikipaa kasi ya kutisha juu kidogo ya bahari. Jopo lilitumia namba zilizoandikwa kwenye kioo cha video hiyohiyo, wakapiga hesabu ya pembetatu, wakakuta kitu kile hakikuwa karibu na maji. Kilikuwa juu kama kilomita 4, kikienda kama kilomita 64 kwa saa. Hiyo ni kasi ya upepo wa huko juu, na basi la mikoani linaweza kuipita. Kilichokimbia ni ndege yenye kamera. Aliyesafiri kwa basi ameona nguzo za umeme zikikimbia kurudi nyuma, wala hajawahi kuziripoti polisi.

Aristotle alishalisema jambo la namna hii kuhusu jua, kwamba huonekana dogo kama futi moja hata kwa mtu anayejua kwamba ni kubwa kuliko dunia. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata, anatufundisha kwamba hisi hutoa habari ya namna ilivyoguswa, na kwamba ukweli na kosa kwa maana kamili vimo katika hukumu ya akili. Rubani hakudanganya alipoona kasi. Jicho lake liliguswa hivyo. Swali ni hukumu.

Mpaka hapa tungeweza kuonekana tunawacheka mashahidi. Sivyo, na hapa ndipo penye uzito kwetu sisi tunaojiandaa kwa upadre. Chukua kisa cha William Gill, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa mmisionari huko Boianai, Papua New Guinea. Jioni ya tarehe 26 Juni 1959 alitazama juu akaiona Zuhura, na juu yake akaona mwanga mwingine mkubwa. Kesho yake kitu kilirudi, na juu yake palionekana kama watu. Gill alipunga mkono. Walio juu, alisema, nao wakapunga. Watu wapatao 38 waliona, na zaidi ya 20 walitia sahihi taarifa. Aliandika saa kwa saa. Kisha akaenda kula chakula cha jioni, na baadaye akawaongoza waamini wake katika sala za jioni kanisani.

Wengi humcheka kwa kile chakula. Sisi tunaona kinaongeza uzito wa ushahidi wake. Alisema alidhani ni chombo cha binadamu, labda cha Wamarekani, na mtu hawezi kuacha chakula chake kipoe kwa ajili ya hilo. Yaani hakutunga jambo kubwa kuliko alilofikiri ameliona. Jeshi la anga la Australia lilihitimisha kwamba huenda zilikuwa sayari, kama Mshtarii, Zohali na Mirihi, zikionekana kupitia mawingu. Mwanafalaki Donald Menzel alisema ni Zuhura iliyotazamwa na mtu mwenye macho mabovu. Hynek alijibu kwamba Gill alivaa miwani na aliionyesha Zuhura mahali pake. Sisi tuliobishana kuhusu kisa hiki jioni nzima hatukufika mwisho. Tulikubaliana jambo moja tu: mtu anaweza kumwita Gill mkweli bila kulazimika kusema kwamba alipungiwa mkono na wageni wa anga.

Karibu na kwetu kuna kisa cha shule ya Ariel, Ruwa, nje kidogo ya Harare. Ijumaa ya tarehe 16 Septemba 1994, walimu wakiwa kikaoni, watoto wapatao 62 walisema waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Baadhi yao, sasa watu wazima, hawajabadili maneno. Hilo halipuuzwi. Lakini siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Kirusi yalikuwa yamewaka moto angani yakionekana sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya ajabu zilikuwa midomoni mwa watu. Watoto walihojiwa na watafiti siku kadhaa baadaye, wakiwa wameshasimuliana vya kutosha. Hayo hayathibitishi kwamba hawakuona kitu. Yanaharibu uwezo wetu wa kujua waliona nini, na kosa hilo ni la watu wazima, si la watoto.

Kwa nini tunashikilia hili? Kwa sababu imani yetu imesimama juu ya mashahidi. Akitufufulia mtu hoja kwamba ushuhuda wa mambo yasiyo ya kawaida haufai kamwe kusikilizwa, hatamwondoa Gill peke yake. Atawaondoa na akina Magdalena. Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho kuhusu waliomwona Bwana mfufuka, anataja kwamba wengi wao wangali hai. Yaani wanaweza kuulizwa. Na Kanisa limeendelea kuuliza. Pale Kibeho, Rwanda, matokeo yalianza Novemba 1981; askofu akaunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia; wengi walidai kuona, lakini hukumu ya tarehe 29 Juni 2001 iliwakubali watatu tu. Karibu miaka ishirini! Mwamini anayetaka jibu la video yake kabla ya Misa ya pili atuvumilie.

Ndiyo maana jibu la "ni mapepo" halituridhishi. Tunaamini kwamba pepo wabaya wapo. Lakini kumtaja shetani kabla ya kumtaja Zuhura ni kuruka hatua zilezile anazoziruka anayetaja wageni wa anga.

Kuhusu kuwapo kwa viumbe wenye akili kwingineko, hilo ni swali jingine, na tunaomba lisichanganywe na taa hizi. Kanisa halijatoa fundisho rasmi. Mwaka 1277 Askofu Stephen Tempier wa Paris alilaani kauli kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Mwaka 1440 Nicholas wa Cusa, aliyekuja kuwa kardinali, aliandika juu ya wakazi wa nyota nyingine. Mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Vatikani cha elimu ya nyota, alisema hadharani kwamba imani katika Mungu Muumba haipingani na kuwapo kwa viumbe hao. Mrithi wake, Bruda Guy Consolmagno, ambaye kabla ya utawa alifundisha nchini Kenya, ameandika kitabu kizima kuanzia swali la kuwabatiza. Kuacha mlango wazi kwa Mungu kuumba apendavyo hakutulazimishi kusema kwamba jana usiku wamepita juu ya parokia.

Sasa turudi kwenye video ya jumuiya. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kama kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Wakala wa Anga wa Kenya ulifika, ukaichukua, na ukasema kwamba kwa tathmini ya awali ni sehemu ya roketi inayopaswa kuungua ikirudi duniani au kuanguka pasipo na watu. Kilichotoka angani kikapata jina la kidunia kwa sababu kulikuwa na watu waliokwenda kukishika na kukipima. Taa nyingi zinazofuatana kwa mstari baada ya jua kutua ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni, ambazo tangu 2019 zimewashtua watu katika nchi nyingi. Mwanga mweupe mkali upande wa magharibi, usioyumba, unaozama saa moja au mbili baada ya jua, mara nyingi ni Zuhura.

Basi anayetuletea video tunamwuliza: nani aliipiga mwenyewe? Saa ngapi, upande gani, wapi? Ilichukua dakika ngapi? Nani mwingine aliona, na je, mlikuwa mmeshazungumza kabla hajatuambia? Aandike kwanza alichoona, na kwenye mstari mwingine anachodhani. Kama imetumwa kutoka kundi jingine na hakuna anayemjua aliyeipiga, tunaiandikia C.