Kabla ya Kumshuku Dereva, Pimeni Dizeli

Pikapu yetu ya mtumba ilitumia lita 60 kwa kilomita 420, yaani kilomita 7 kwa lita. Tulimshuku dereva. Tulikosea.

Fundi alitushauri tuanze na kipimo. Jazeni tangi hadi juu, andikeni kilomita, safirini, kisha jazeni tena kwenye pampu ileile. Gawanyeni kilomita kwa lita zilizoingia. (Matairi makubwa kuliko ya asili hufanya mita isome kilomita pungufu.)

Baada ya safari, fundi alipitisha mkono karibu na ringi za magurudumu. Moja la nyuma lilikuwa la moto kuliko mengine: breki ilikuwa inakamata, injini ikisukuma gari huku breki ikilizuia. Chujio la hewa nalo lilijaa vumbi, ndiyo maana tulipopanda mlima moshi ulikuwa mweusi. Upepo wa matairi ulikuwa pungufu. Hupimwa asubuhi, matairi yakiwa baridi. Tulishusha pia keria tupu.

Safari ileile, mzigo uleule, lita 48.

Jambo moja tunalikataza: kuteremka mlima na gia huru. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia pedeli ya mafuta, pampu hukata dizeli. Gia huru haiokoi kitu, na breki huungua.

Dereva tulimwomba radhi mbele ya kamati iliyomhoji. Daftari la lita na kilomita sasa analishika yeye mwenyewe.