Kanuni na Nadharia: Tofauti ya Dhana Mbili za Kisayansi

Katika mazungumzo ya kila siku neno nadharia hutumiwa aghalabu kama kinyume cha vitendo, au kwa maana ya wazo ambalo bado halijathibitishwa. Matumizi haya yakihamishiwa katika taaluma huzaa dhana potofu kwamba nadharia ni kanuni changa, ambayo ikishapata ushahidi wa kutosha hupandishwa cheo. Ndipo anapopatikana mwanafunzi anayeikataa nadharia ya mageuko kwa hoja kwamba ni "nadharia tu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hizi hazitofautiani kwa daraja ya uhakika bali kwa kazi.

Kanuni ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambacho nacho kililipata kutoka Kigiriki kwa maana ya fimbo iliyonyooka ya kupimia. Nadharia imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Asili ya neno haiamui maana yake ya kitaaluma, lakini hapa inasaidia: kanuni hupima, nadharia hutazama kilicho nyuma ya kipimo.

Mfano ulio wazi ni wa gesi. Mwaka 1662 Robert Boyle alitangaza kwamba, jotoridi lisipobadilika, ujazo wa gesi ukipunguzwa nusu, kanieneo yake huongezeka maradufu. Hii ni kanuni. Inaeleza uhusiano wa vipimo viwili, na haisemi lolote kuhusu sababu. Sababu ilitafutwa na Daniel Bernoulli mwaka 1738, aliyeifikiria gesi kuwa chembe nyingi zinazokwenda mbio na kugonga kuta za chombo. Nafasi ikiwa finyu, migongano huwa mingi zaidi. Hii ni nadharia. Katika karne ya 19 iliendelezwa na kupata ushahidi mwingi, wala haikugeuka kuwa kanuni. Zaidi ya hayo, nadharia ndiyo iliyoonyesha mipaka ya kanuni: mwaka 1873 van der Waals alieleza kuwa molekuli zina ukubwa wake na huvutana, kwa hiyo gesi iliyobanwa sana huikiuka kanuni ya Boyle. Anayedhani kuwa kanuni ndiyo kilele cha uhakika na autafakari mfano huu.

Isimu ya Kibantu nayo ina kanuni zake. Mwaka 1903 Carl Meinhof aliipa mojawapo jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeibaini katika Kinyamwezi. Kwa Kigikuyu hujitokeza hivi: kiambishi chenye k hubadilika kuwa na g iwapo silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti sighuna. Husemwa kĩrĩma (mlima) lakini gĩtĩ (kiti). Kũrĩa (kula) lakini gũtema (kukata). Kanuni hii humwezesha mtu kutabiri umbo la neno ambalo hajapata kulisikia.

Hata hivyo, husemwa pia gũthiĩ (kwenda), ilhali th ya Kigikuyu ni ghuna, kama dh ya dhahabu. Kwa kutazama sauti za leo peke yake, huu ni ukiukaji. Historia ya lugha huuondoa utata: th hiyo ilitokana na sauti sighuna, na kiambishi kimeendelea kufuata hali ile ya kale. Kwa nini basi lugha izikwepe sauti mbili sighuna zilizo jirani? Hapo ndipo nadharia inapohitajika, na wanaisimu hawajaafikiana. John Ohala, katika makala yake ya mwaka 1981, aliyahusisha mabadiliko ya namna hii kwa jumla na msikilizaji, ambaye hudhani kuwa sifa ya sauti moja imeambukizwa na jirani yake, akaiondoa ilhali ilikuwa ya asili. Wengine hutafuta sababu katika utamkaji wenyewe. Upande wowote ukishinda, gĩtĩ itabaki gĩtĩ.