Nyumba za Kuwalinda Wajidungao Heroini: Je, Sheria Yaweza Kuziruhusu?

Mwezi huu tumechagua somo ambalo pengine litawashangaza wazee wengine wa sharika zetu za Bukoba na Muleba. Wamezoea kutusikia tukionya habari za gongo, maana hiyo ndiyo iliyo mlangoni petu. Lakini watoto wetu hawakai mlangoni petu siku zote. Hupanda basi kwenda Dar es Salaam, hupanda meli Kemondo kwenda Mwanza, huvuka Mutukula kwenda Kampala, na huko wako walionaswa na unga, yaani heroini. Wengine hurudi nyumbani wakiwa wagonjwa, na mama zao hawajui wawaambie nini majirani. Basi yafaa tujue.

Neno lenyewe ni hili. Katika nchi kadhaa za ng'ambo serikali imetunga sheria ya kuruhusu nyumba maalumu ambamo mtu aliyetekwa na heroini huingia na dawa yake mwenyewe, akajidunga mbele ya muuguzi, ili akizidiwa asife. Nyumba haimpi dawa wala haimwuzii, tena muuguzi hamdungi. Humpa sindano safi, humtazama, na akiisha kujidunga huketishwa mahali apate kuangaliwa kitambo kabla ya kutoka. Msomaji akisikia hivi mara ya kwanza husema, “Huu ni wazimu, serikali yawezaje kumtazama mtu akivunja sheria?” Tusimlaumu asemaye hivyo. Ila tumwombe angoje kidogo, apate kwanza kuelewa jinsi kifo hiki kinavyokuja.

Heroini hutokana na afyuni. Ikiingia mwilini kwa wingi hulewesha ile sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Mtu halii wala hapigani na mauti, husinzia. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya pini, midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, hukoroma kwa sauti nzito, pumzi hukawia, kisha hukoma. Ubongo usiopata hewa huanza kufa katika dakika chache tu. Walio karibu hudhani amelala usingizi mzuri, wakamwacha. Asubuhi ni maiti.

Lakini iko dawa ya kuzuia kifo hiki, nayo ni naloksoni. Ilianza kutumika hospitalini huko Marekani tangu mwaka 1971. Mgonjwa akidungwa sindano yake, au akipuliziwa puani, huiondoa heroini mahali iliposhika ubongoni, naye huvuta pumzi tena. Nguvu yake haidumu sana, pengine nusu saa, pengine saa moja na zaidi, kwa hiyo aliyeamka aweza kuzama tena, wala asiachwe peke yake. Naloksoni isipokuwapo, kumpulizia pumzi kinywani kwaweza kumhifadhi hai hata afikishwe kwa tabibu. Na akiwa bado anapumua, alazwe ubavu, asije akapaliwa na matapishi. Twaandika haya makusudi, maana hata mtu wa Kamachumu aweza kuyahitaji usiku mmoja.

Sasa twaona kwa nini nyumba hizo zilijengwa. Mwenye kufa kwa heroini mara nyingi hufa kwa kuwa yuko peke yake, amejificha chooni, pagalani au nyuma ya ukuta. Amejificha kwa hofu ya polisi na kwa aibu. Dawa ya kumponya ipo, na watu wa kumponya wapo, ila hawako pale alipo.

Nyumba ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa Bern, nchini Uswisi, mwaka 1986. Ujerumani ilikuwa na nyumba kama hizo kabla ya sheria kueleza wazi, na mwaka 2000 bunge lake likabadilisha sheria ya dawa za kulevya na kuweka masharti: pawe na vifaa vya kuokoa, pawe na watu waliofundishwa, na kila jimbo litunge kanuni zake. Majimbo mengine yalikubali; mengine, kama Bayern, hayakukubali hata leo. Huko Kanada nyumba iitwayo Insite ilifunguliwa Vancouver mwaka 2003. Serikali iliyofuata ikataka kuifunga, shauri likafika Mahakama Kuu ya juu kabisa, na mwaka 2011 majaji wote tisa wakaamua kwamba kuifunga kungehatarisha uhai wa watu kinyume cha katiba. Mwaka huo huo wataalamu walichapisha hesabu yao: katika mtaa unaoizunguka nyumba ile, mpaka mita 500, vifo vya kuzidiwa vilipungua kwa asilimia 35, na katika sehemu nyingine za mji vilipungua kwa asilimia 9 tu.

Habari ya Sydney, nchini Australia, yatugusa sisi zaidi, kwa sababu kanisa limo ndani yake. Mtaa wa Kings Cross ulikuwa na vifo vingi. Mwaka 1999 watu wa kanisa dogo liitwalo Wayside Chapel walifungua chumba cha kujidungia bila ruhusa ya sheria, na polisi wakaja. Mwaka huo serikali ya New South Wales ikaamua kutunga sheria ya kujaribu nyumba moja. Masista Wakatoliki wenye hospitali walikuwa tayari kuisimamia, lakini waliamriwa kutoka Vatikani wajitoe. Ndipo Uniting Church, kanisa lililozaliwa mwaka 1977 kwa kuungana kwa Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregesheni, likaupokea mzigo ule. Nyumba ilifunguliwa Mei 2001, ikahesabiwa kuwa ya majaribio mpaka mwaka 2010, bunge lilipoithibitisha. Watu wamejidunga humo zaidi ya mara milioni moja. Maelfu walizidiwa. Hakufa humo hata mmoja.

Kwa hiyo Wakristo wawili walisoma jambo moja wakatofautiana. Mmoja aliogopa kwamba kutazama dhambi ni kuibariki. Mwingine aliona kwamba mtu aliyekufa hawezi kutubu tena. Sisi hatudharau hofu ya yule wa kwanza. Ni hofu ya watu waaminifu. Lakini tukipima, twaona hoja ya pili ni nzito zaidi. Hata katika Torati miji ya makimbilio iliwekwa kwa sheria, ili aliyemwua mtu bila kukusudia asiuawe kabla ya kusikilizwa. Wala hakuna aliyesema kwamba miji ile ilisifu uuaji. (Mfano haufanani kila upande, twajua. Yule alikimbia mwenye kisasi, na huyu amfukuzaye yumo ndani ya damu yake mwenyewe.)

Tena tusitie chumvi. Nyumba hizi hazimwondolei mtu utumwa wake. Humpatia siku nyingine ya kuishi, na muuguzi wa kusema naye siku hiyo. Huwafikia waishio karibu tu. Huko Marekani, ambako dawa kali iitwayo fentanili imechanganywa na unga, zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidiwa katika mwaka 2021, na nyumba mbili zilizofunguliwa New York mwishoni mwa mwaka huo ni kama tone ziwani. Watu wa mitaa nao hulalamika juu ya fujo na wauza unga wanaozungukazunguka, na malalamiko yao si uongo mtupu. Mwaka 2025 jimbo la Ontario huko Kanada lilipiga marufuku nyumba zilizo karibu na shule, na kadhaa zikafungwa. Mwanzoni mwa mwaka huo huo mji wa Glasgow ulifungua nyumba ya kwanza katika Uingereza yote. Hivyo mataifa bado yanashindana juu ya jambo hili.

Na kwetu? Afrika Mashariki haijatunga sheria ya namna hii. Katika Tanzania Bara yatawala Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, nayo humtia hatiani si mtumiaji peke yake, bali hata mwenye nyumba anayeruhusu, hali akijua, nyumba yake itumiwe kwa kazi hiyo. Basi mtu mwema akifungua chumba kama kile cha Wayside, sheria itamhesabu kuwa sawa na mwenye pango la wauza unga. Ndiyo maana jambo hili ni la bunge. Huruma ya mtu mmoja haitoshi.

Lakini nchi yetu haikukaa bure. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na Tanzania ikawa ya mbele katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara zisizo visiwa. Methadoni ni dawa ya kunywa. Humtuliza mgonjwa asipatwe na maumivu makali ya kukosa unga, ambayo wenyewe huyaita arosto, wala haimleweshi kama heroini ikipimwa sawasawa. Hunywewa kila siku mbele ya mtoaji dawa. Baada ya Muhimbili zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na miji mingine. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari. Uganda mwaka 2020 huko Butabika. Huko Temeke watu wa shirika la Médecins du Monde waligawa sindano safi, maana uchunguzi wao wa mwaka 2011 ulikuta kwamba kama theluthi ya wajidungao pale walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Watu wa Kagera tukisikia neno hilo hatuhitaji kuelezwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana mwaka 1983 katika hospitali yetu ya Ndolage, wilayani Muleba. Watu wakauita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni adhabu na wenye kuadhibiwa waachwe. Walioachwa wakafa, na yatima wakajaa katika migomba isiyo na mwenyewe, hata Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ikaanzisha Huyawa, huduma ya watoto. Kanisa lililopita katika moto huo haliwezi kujifanya halijui maana ya kumwacha mgonjwa kwa sababu ugonjwa wake una aibu.

Sasa twafika mahali panapotuhusu kwa karibu kabisa. Desturi yetu ni njema: mtoto akiharibikiwa mjini, ukoo huchanga nauli akarudishwa nyumbani. Hukaa Nshamba au Rubya miezi mitatu, mbali na unga, akila ndizi na senene, akalima na baba yake. Mwili wanenepa, uso wang'aa, wote wamshukuru Mungu. Kisha huenda tena Dar es Salaam kutafuta kazi, akakutana na wenziwe wa zamani. Hapo ndipo palipo na mauti. Mwili wa atumiaye kila siku umezoea, hata kipimo kimwuacho mgeni yeye hukistahimili. Akiacha kwa majuma machache mazoea yale hupotea. Ila mkono wakumbuka kipimo cha zamani. Hujidunga kama alivyokuwa akijidunga, na hafiki asubuhi. Ndivyo ilivyo pia kwa atokaye gerezani, na kwa atokaye katika nyumba za upataji nafuu. Siku za kwanza baada ya kupona ndizo za hatari kuliko zote, nasi huziita siku za furaha.

Kwa sababu hiyo, hukumu yetu ni hii. Bunge likiletewa siku moja shauri la kuruhusu nyumba hizo mahali ambapo wajidungao wamekusanyika wengi, kama katika mitaa ya Dar es Salaam na Unguja, watu wa kanisa wasiwe wa kwanza kupiga kelele za kukataa. Waulize maswali: nani atasimamia, vifaa gani vitakuwapo, atokaye humo ataonyeshwa njia gani ya kwenda kliniki. Lakini Bukoba na Muleba hatuna mitaa ya namna hiyo, na nyumba kama ya Sydney ingekaa tupu kwetu. Kinachotufaa sisi kwanza ni naloksoni katika zahanati na hospitali, pamoja na wauguzi waliofundishwa kuitumia, na methadoni ifikayo mbali zaidi ya miji mikubwa.

Na mzazi atakaye kumleta mwanawe nyumbani, ikiwa mwana huyo ameanza kunywa methadoni Mwananyamala au Temeke, asimwondoe ghafula kama aondoaye mgonjwa kwa mganga asiyemwamini. Aende naye kliniki kwanza. Aulize kama kipimo chaweza kupunguzwa polepole, au kama aweza kuandikiwa barua ya kuhamia kituo kingine, na kituo hicho ki wapi. Kijana anywaye dawa kila asubuhi hawezi kuvuka ziwa kila asubuhi. Kama kituo kilicho karibu ni cha Mwanza, pengine itafaa akae Mwanza kwa ndugu, na mama yake ndiye avuke kwenda kumtazama.